Salento ilivyopoteza mizeituni yake: kisa cha bakteria mmoja na watu wasioaminiana

Nataka niichambue hii kesi ya Salento kwa kirefu, kwa sababu kila inapotajwa watu wanaipitia juu juu, eti ugonjwa uliingia miti ikafa basi. Ukiitazama hivyo hutaelewa inakuwaje sehemu yenye maprofesa, maabara, hela za Umoja wa Ulaya na wakulima waliorithishana zeituni karne na karne ikapoteza mizeituni inayokadiriwa kufika milioni 21 ndani ya miaka kumi tu. Mimi ni mtu wa Kagera, nimekulia kibanjani, mnyauko wa migomba tumeuona, kwa hiyo habari ya serikali kuja kumwambia mtu ang'oe kilichopandwa na babu yake naijua inavyouma, na ndo maana kisa hiki kimenikaa rohoni.

Tuanze na mahali penyewe. Italia ukiitazama kwenye ramani inakaa kama buti, na Salento ndo kisigino, sehemu ya kusini kabisa ya mkoa wa Puglia, bahari ya Adriatiki upande mmoja na ya Ionia upande wa pili. Udongo mwekundu, chini yake mwamba wa chokaa, mto wa maana hamna, mvua ikinyesha maji yanazama kwenye nyufa za mwamba yanapotea. Kwenye ardhi ya namna hiyo mazao mengi yanakukimbia ila mzeituni unakaa, unaingiza mizizi kwenye zile nyufa na unaishi miaka mia, mia tano, mingine wanasema elfu na zaidi. Ili kupata pa kulima watu waliokota mawe shambani wakayapanga kuwa kuta bila saruji wala udongo, na mengine wakajengea vibanda vya shamba vya mviringo vinavyoitwa pajare. Ufundi huo wa kupanga mawe makavu uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu 2018, Italia pamoja na nchi nyingine saba za Ulaya. Puglia nzima ilikuwa inahesabiwa kuwa na mizeituni kama milioni 60, na takriban asilimia 40 ya mafuta ya zeituni ya Italia yanatoka huko.

Mafuta yenyewe yana historia ambayo wengi hawaijui. Leo ukisema mafuta ya zeituni mtu anawaza saladi na mkate, lakini Salento kwa karne nyingi ilitajirika kwa mafuta ya taa, yaani ya kuwashia taa kweli kweli. Mji wa Gallipoli, ule wa pwani ya Ionia, ulikuwa bandari kubwa ya mafuta hayo, yakihifadhiwa kwenye matangi yaliyochongwa ndani ya mwamba mpaka yatulie na kuchuja takataka, kisha meli zinayabeba mpaka London na St Petersburg. Zeituni zilikuwa zinaachwa zidondoke zenyewe, zinaokotwa chini, maana miti ni mirefu na kwa mafuta ya taa ladha haikuwa na shida.

Na vinu vyao vya kukamulia vilikuwa chini ya ardhi, hapa naomba nikae kidogo. Unashuka ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, unakuta pango, katikati jiwe kubwa la mviringo linazungushwa na nyumbu kwenye beseni la mawe mpaka zeituni ziwe rojo. Rojo linatandazwa kwenye makawa yaliyosukwa kwa nyuzi, yanapangwa moja juu ya jingine chini ya mtambo wa mbao, watu wanausukuma mpaka mafuta na maji yatoke pamoja yaingie shimoni, halafu unasubiri mafuta yapande juu. Walichimba chini kwa sababu ya joto, mafuta ya zeituni yakipigwa na baridi yanaganda hayatengani na maji, na kule chini wanyama, watu na taa vilitosha kupasha hewa majira yote ya baridi. Wafanyakazi walishuka Oktoba na wengine hawakupanda kurudi kwao mpaka msimu uishe kama mwezi wa tano, wanalala humo humo, wanakula humo humo, pembeni ya nyumbu. Mkuu wao aliitwa nachiro, ndiye aliyejua saa ya kuyakamata mafuta juu ya maji. Mji wa Presicce una vinu vya hivi vingi chini ya uwanja wake, na Gallipoli kuna kimoja chini ya Palazzo Granafei unaweza kushuka ukaona. Gesi na mafuta ya petroli vilipoingia karne ya 19 soko la taa likafa, wakahamia kwenye mafuta ya kula taratibu taratibu.

Kwa hiyo ukisema mzeituni Salento unasema nyumba, ukuta, pango, jina la ukoo, mahari, kila kitu. Na sheria yenyewe ilisema hivyo. Mwaka 1945, vita vikiwa vimeisha, Italia ilitunga sheria ya kukataza mtu kukata mizeituni yake mwenyewe zaidi ya mitano kila miaka miwili bila kibali. Ikarekebishwa 1951 ikaendelea. Halafu 2007 mkoa wa Puglia ukatunga sheria yake namba 14 ya kulinda mizeituni ya kihistoria, mti wenye shina la kipenyo cha sentimita 100 kwenda juu ukipimwa mita 1.3 kutoka ardhini unahesabiwa kama kumbukumbu ya kihistoria. Ikumbukwe hiyo, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa hasira iliyokuja baadaye. Vizazi vitatu vya wakulima vimefundishwa na serikali kwamba kukata mzeituni ni kosa.

Sasa ugonjwa. Wakulima wa upande wa Gallipoli walianza kuona kitu ambacho hawajawahi kukiona, matawi ya juu yanakauka kama yamepitiwa na moto, jani linaanza kuungua kwenye ncha, kahawia inashuka pembeni kuelekea katikati, mwaka unaofuata nusu ya mti, mwaka mwingine mti mzima umebaki kijivu umesimama. Walidhani ni kuvu, au nondo wa shina, au sumu ya magugu. Oktoba 2013 watafiti wa Bari, wa chuo kikuu na wa baraza la taifa la utafiti, akiwemo Donato Boscia, Maria Saponari na marehemu profesa Giovanni Martelli, wakatangaza kwamba kwenye miti hiyo wamekuta Xylella fastidiosa. Hilo lilishtua Ulaya nzima kwa sababu bakteria huyu alikuwa anajulikana Amerika. California ndo anayeua mizabibu, ugonjwa ule ule alioueleza mtafiti Newton Pierce 1892, Brazil anashambulia michungwa, na kwenye kahawa anaunguza majani. Kwenye mashamba ya Ulaya alikuwa hajawahi kuthibitishwa. Aina iliyopatikana Puglia vinasaba vyake vinafanana na vya bakteria waliotoka Costa Rica, na inaaminika aliingia na miche ya kahawa ya mapambo, ile ya kuweka sebuleni, uchunguzi wa vinasaba unakadiria ilikuwa kama 2008. Maana yake walipomgundua alishakaa pale miaka mitano hivi anatembea.

Anavyofanya kazi ni hivi. Anakaa ndani ya mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, anazaliana, anajenga utando, mirija inaziba na mti unakufa kwa kiu hata kama udongo una maji. Hawezi kutembea mwenyewe kwenda mti mwingine, anabebwa na mdudu mdogo anayefyonza maji ya mirija hiyo, Philaenus spumarius, mdudu wa povu. Huyu mdudu ni wa kawaida kabisa Ulaya, mwezi wa tatu na wa nne ukiinama kwenye majani yanayoota chini ya mizeituni utaona povu jeupe limeng'ang'ania shina la jani, ukilipangusa kwa kidole ndani yake kuna tunutu kadogo ka kijani, yaani mdudu mchanga asiye na mbawa, kanafyonza. Mwezi wa tano majani yakikauka tunutu wameshakuwa wakubwa wana mbawa, wanapanda kwenye mizeituni kutafuta unyevu, na mdudu akifyonza mti mgonjwa kisha akafyonza mzima keshaupa.

Kuna kitu hapo cha kukishika vizuri sana. Mdudu hamrithishi mwanae bakteria. Mayai yanatoka safi, tunutu anaanguliwa safi, kila mwaka kizazi kinaanza upya bila ugonjwa na anaupata tu akishapanda mtini. Kwa hiyo ukilima majani au ukiyafyeka kabla Aprili haijaisha, tunutu bado wamo kwenye povu hawawezi kuruka, umepunguza wabebaji kwa trekta tu, hata dawa hujapulizia. Ni kazi ya siku moja kwa shamba dogo. Kazi hiyo ndogo ingefanyika na kila mtu, mapema, kesi ingekuwa nyingine. Lakini mashamba ya Salento ni vipande vidogo vidogo, wenye mashamba wengi wazee, wengine wanaishi kaskazini au Ujerumani wanakuja kiangazi, bei ya mafuta ilikuwa chini, vipande vingi vilikuwa havijalimwa miaka.

Februari 2015 serikali ya Italia ikatangaza dharura na kumteua kamanda wa askari wa misitu, Giuseppe Silletti, kuwa kamishna wa kushughulikia ugonjwa. Mei mwaka huo huo Tume ya Ulaya ikatoa uamuzi. Miche ya kahawa kutoka Costa Rica na Honduras ikapigwa marufuku kuingia Ulaya. Wilaya ya Lecce, ile ya kusini kabisa ya Puglia, ikahesabiwa imeshachelewa, pale ikawa ni kuzuia ugonjwa usitoke. Lakini juu ya Lecce, kuelekea Brindisi na Taranto, kila ukipatikana mti mmoja mgonjwa unakatwa pamoja na mimea yote inayoweza kubeba bakteria ndani ya mita 100, iwe inaumwa isiumwe.

Piga hesabu mwenyewe. Duara la mita 100 kila upande ni hekta 3 na kidogo. Shamba la zamani lenye miti 60 kwa hekta, hiyo ni karibu miti 190 kwa sababu ya mti mmoja. Na huo mmoja wenyewe unaweza kuwa bado unaonekana mzima, maana mzeituni ukiambukizwa unakaa mwaka au zaidi bila kuonyesha kitu. Sasa wewe ni mzee wa miaka 75, shamba la ukoo, miti inang'aa, anakuja afisa na karatasi ya maabara anakwambia hii yote iondoke wiki hii, na serikali ile ile inayokwambia hivyo ndo iliyokukataza maisha yako yote usikate zaidi ya mitano. Wangapi wangekubali?

Hawakukubali. Aprili 2015 Oria, wilaya ya Brindisi, watu walipanda juu ya mizeituni kuzuia misumeno. Torchiarolo, wilaya hiyo hiyo, wakafungua kesi. Novemba wengine wakaingia kwenye reli wakasimamisha treni. Na kwenye ombwe la maelezo mazuri zikaingia hadithi za kila namna: kampuni za mbegu zimeleta bakteria ili ziuze miti yao, wajenzi wa mahoteli wanataka pwani, ni njama ya kupisha bomba la gesi linalofikia nchi kavu Melendugno, bakteria ni danganyo miti inakufa kwa sumu za magugu. Hadithi iliyoshika zaidi ni kwamba taasisi ya kilimo ya kimataifa iliyoko Bari ilifanya mafunzo 2010 na kuleta sampuli za Xylella za kufundishia, kwa hiyo wametorosha wao. Mafunzo yalikuwepo kweli, ila bakteria wa Salento ni aina nyingine. Undani wa namna hiyo haushindani na hasira ya mtu anayeona mti wake unaenda kukatwa.

Halafu Desemba 2015 likatokea jambo ambalo kwangu ndo kitovu cha kesi nzima. Waendesha mashtaka wa Lecce waliwaweka watu kumi chini ya uchunguzi, kamishna Silletti pamoja na wanasayansi wale wale waliougundua ugonjwa, kwa tuhuma za kusababisha kuenea kwake na makosa mengine, na wakaishikilia miti iliyopangiwa kukatwa isiguswe. Kamishna akajiuzulu, ukataji ukasimama. Kisheria miti ilikuwa salama, kibaolojia ilikuwa imesimama pale inanyonywa na wadudu wenye mbawa majira yote ya kiangazi.

Machi 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ikatoa matokeo ya majaribio, miche mizima ya mizeituni ilichomwa bakteria yule ikaugua ugonjwa ule ule, kwa hiyo ubishi wa kama ndiye au siye ukaisha kwa upande wa sayansi. Tarehe 9 Juni 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema Tume ilikuwa na haki ya kuamuru ukataji wa mita 100. Mwezi uliofuata miti ikaachiwa. Mwaka 2019 mwezi wa tano uchunguzi dhidi ya wale kumi ukafungwa, hakuna aliyepelekwa kizimbani, na Septemba mwaka huo mahakama ya Ulaya ikasema Italia ilishindwa kutimiza wajibu wake kwa kuchelewa kuondoa miti. Mwaka huo huo pia Italia ikapitisha sheria namba 44 inayomruhusu mwenye shamba ndani ya eneo lililoambukizwa kung'oa mizeituni yake bila kusubiri kibali. Yaani ilibidi wafike 2019 ndo wafungue kile kifungo cha 1945, wakati mizeituni ya Lecce ilishakauka.

Ugonjwa haukusubiri mahakama. Wataalamu waliopiga hesabu ya mwendo wake wanakadiria kama kilomita 10 kwa mwaka kwenda kaskazini, na wadudu wanapanda hata magari, wanashuka mbali. Ukiendesha leo kutoka Lecce kushuka Gallipoli unapita kilomita na kilomita za vigogo vya kijivu, kiangazi mashamba yaliyoachwa yanashika moto. Kwenye mji wa Alliste ulikuwepo mzeituni mkubwa kabisa waliouita Jitu la Felline, watu walikuwa wanasafiri kwenda kupiga nao picha, nao ulikauka.

Nani alikosea sasa? Naona lawama zinagawanywa kirahisi sana, waliosoma wanasema wakulima wajinga, wakulima wanasema wakubwa walikuwa na dili lao. Mimi msimamo wangu ni kwamba amri ya kukata ilikuwa sahihi na namna ilivyoletwa ilikuwa mbaya, na hicho cha pili kiliua cha kwanza. Kagera ugonjwa wa mnyauko ulifika 2006 ukitokea Uganda ambako ulionekana 2001. Maelekezo ya mwanzo yalikuwa ng'oa shina zima na vichipukizi vyake, kazi ya jembe na jasho, na kibanja ndo chakula cha nyumba, kwa hiyo watu walificha. Kilichosaidia ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvifanya mwenyewe akaona matokeo: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasipitishe ugonjwa, kuchoma panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na baadaye watafiti kukubali kwamba kukata mgomba mmoja mgonjwa usawa wa ardhi mara kwa mara kunafanya kazi bila kung'oa shina zima. Bwana shamba alikuwa anakaa kijiji hicho hicho, anakosea mnamwambia. Mgomba nao ukipata mnyauko unaonyesha ndani ya wiki chache, kila mtu anaona, na kipande ulichong'oa unaweza kupanda tena. Mzeituni unaficha ugonjwa mwaka mzima na ukikatwa huo wa miaka mia tano huupandi tena.

Salento walianza na amri ya mita 100, ile kazi ya kulima majani Aprili ikaja imefungwa kwenye furushi moja na misumeno na dawa za wadudu, mtu akikataa furushi amekataa vyote. Ningekuwa na sauti pale 2014 ningeitanguliza ile ya majani, tena kwa trekta za serikali, bure, shamba kwa shamba, pamoja na kumwonyesha kila mzee povu na tunutu wake kwa macho. Mtu akishamwona mdudu hadithi ya njama inapungua nguvu. Fidia nayo ingetakiwa ifike kabla ya msumeno, na iende pamoja na ruhusa ya kupanda kitu kingine, kwa sababu kwa miaka mwenye shamba ndani ya eneo la ugonjwa alikuwa anaambiwa kata na hapo hapo anakatazwa kupanda mzeituni mpya. Ruhusa ya kupanda tena, kwa aina zinazostahimili, ilikuja mwisho wa 2017. Tume yenyewe iliona, kanuni mpya ya 2020 ikaishusha mita 100 kuwa 50, na duara la mita 50 ni robo tu ya lile la kwanza, miti chini ya 50 badala ya 190.

Hizo aina zinazostahimili ziligunduliwa kwa jicho la shambani zaidi ya kitu kingine. Miti ya Salento karibu yote ilikuwa ya aina mbili, Ogliarola salentina na Cellina di Nardò, na zote mbili bakteria anazimaliza. Katikati ya mashamba yaliyokauka watu wakaanza kuona miti ya Leccino, aina ya Toscana, imebaki kijani. Maabara ikathibitisha, bakteria anaingia ila anabaki wachache na mti unaendelea kuzaa. Nyingine ni FS-17, inaitwa pia Favolosa, iliyotengenezwa na watafiti wa taifa. Kwa hizo mbili ndo Salento inapandwa upya, serikali ilitenga euro milioni 300 mwaka 2020 kwa mpango wa kufufua zeituni za Puglia, na baadaye Lecciana na Leccio del Corno zikaongezwa kwenye orodha.

Kinachoota sasa ni tofauti kabisa. Miti midogo, mistari iliyonyooka, mabomba ya matone chini yake. Mafuta ya jina la asili Terra d'Otranto, yaliyosajiliwa Ulaya 1998, masharti yake yalidai angalau asilimia 60 itoke kwa Ogliarola na Cellina, yaani jina lenyewe limefungwa kwenye miti iliyokufa. Vinu vingi vimefunga na mitambo imeuzwa nje. Nimesoma watu wakiilaumu Favolosa kana kwamba ndo iliyoua mandhari, siwaungi mkono, kijana anayekopa apande Favolosa kwenye udongo ule mwekundu anaendeleza kazi ya wale wa mapangoni kuliko anayepigia picha kigogo kikavu. Wapo pia wanaozunguka mashamba yaliyokufa kutafuta miche iliyoota yenyewe porini na haijaugua, ili wapate aina mpya yenye damu ya pale pale, na hiyo ndo kazi ninayoifuatilia kwa matumaini makubwa kuliko zote. Dawa ya kupuliza yenye zinki, shaba na asidi ya limau imejaribiwa pia, dalili zinapungua kwenye baadhi ya mashamba, bakteria anabaki ndani.

Vita sasa imehamia kaskazini, kwenye uwanda wa mizeituni ya kihistoria kati ya Carovigno, Ostuni, Fasano na Monopoli, ile yenye mashina yaliyojipinda ambayo sheria ya 2007 iliandikwa hasa kwa ajili yake. Bakteria ameshafika Ostuni. Baadhi ya wenye mashamba wanabebesha Leccino juu ya mashina ya zamani, wanakata kichwa cha mti na kuweka vikonyo vipya, kwa matumaini kwamba shina la babu litabaki hai likibeba matawi ya kigeni. Matokeo yamechanganyika, mti ukibebeshwa mapema kabla bakteria hajajaa unashika, ukichelewa unakauka na vikonyo vyake. Na mwanzoni mwa 2024 Triggiano, karibu kabisa na Bari, ikapatikana aina nyingine ya Xylella kwenye milozi, inayoshambulia na mizabibu, na zabibu za Puglia ni hela nyingi.

Wakaguzi wanachukua sampuli, mti ukikutwa unakatwa haraka kuliko zamani, upinzani umepungua kwa sababu kila mtu ameshaona kusini ilivyokuwa. Ila ile kazi ya Aprili, ya kulima majani tunutu wakiwa bado kwenye povu, imeandikwa ni wajibu na faini ipo, lakini anayetakiwa kulipia trekta ni mwenye shamba, na katikati ya mashamba yaliyolimwa vizuri unakuta kipande cha mzee aliyekufa, warithi wanne, wawili Milano, mmoja Ujerumani, hakuna aliyekilima, na mwezi wa tano wadudu wa kipande hicho wanapanda kwenye mizeituni ya majirani wote.